Kioo cha Kuazima

Ugomvi wa kioo cha laptopu una sentensi yake ya kuanzia, na aliyewahi kuazimisha anaijua: "Mimi nimeifungua tu, nikakuta hivi." Anayeisema ameinamisha kichwa. Anayeambiwa ameshapiga hesabu ya kioo kipya, na bumu bado halijatoka. Kutoka hapo maneno hayaishi. Wewe hujui kutunza vitu vya watu. Wewe ulinipa mbovu. Basi nitakulipa. Utanilipa na nini? Wiki inayofuata watu waliokuwa wakila sahani moja wanapishana kwenye ngazi za bweni bila salamu.

Nianze kwa kumtetea mshitakiwa, kwa sababu mara nyingi anachosema ni kweli, na mwenye laptopu hajui kuwa ni kweli.

Bawaba ya laptopu imetengenezwa ikaze, ili kioo kisimame pale ulipokiacha. Ndani yake kuna vyuma vinavyosuguana kwa makusudi, na kila unapofungua au kufunga unashindana na msuguano huo. Chuma chenyewe hakina tabu. Tabu ipo pale kinaposhikilia. Katika laptopu nyingi za bei ya kawaida, skurubu za bawaba zinaingia kwenye nati ndogo za shaba, na nati hizo zimepandikizwa kwenye vijiti vya plastiki ambavyo ni sehemu ya ganda. Grisi ikikauka na vumbi likiingia, bawaba inazidi kukaza. Mkono hausikii tofauti, maana ugumu unaongezeka kidogo kidogo, ila plastiki inasikia. Siku moja kijiti kimoja kinapata ufa, nati yake inaanza kucheza, na mzigo wote unahamia kwa nati ya jirani.

Kwa nje dalili ni ndogo. Pembe ya mfuniko, karibu na bawaba, imeachana na fremu kiasi cha kupitisha ukucha. Mwenyewe anaibonyeza, inalia tak, inarudi mahali pake, naye anaendelea na kazi zake. Kesho inaachana tena, anaibonyeza tena. Wiki hiyo ndiyo alitakiwa awe kwa fundi, ambaye angelegeza bawaba, akaitia grisi, akavishika vijiti kwa gundi ya Araldite na kumrudishia jioni ile ile. Hakwenda, kwa sababu laptopu bado inawaka.

Kisha anakuja mwenzake kuazima. Huyu anaishika kwa pembe moja, ya kulia, anaifungua kwa mkono mmoja kama watu wengi wafungavyo na kufungua. Mfuniko unapinda kidogo, nguvu yote inaangukia bawaba moja, nati zilizobaki zinang'oka kwa pamoja, chuma kinachomoza na kusukuma ukingo wa kioo kutoka ndani. Mstari mweusi unapanda kutoka pembeni hadi juu. Kweli kaifungua tu, na kweli kakuta hivi. Lakini kilichovunjika mkononi mwake kilikuwa kinaumwa tangu muhula uliopita.

Wapo pia ambao sentensi ile kwao ni uongo mtupu. Kioo cha laptopu ni vipande viwili vya kioo halisi, kila kimoja unene wake nusu milimita au pungufu, na kati yake kuna umajimaji uliokaa kwenye pengo jembamba kuliko unywele. Nyuma yake kuna karatasi kadhaa laini za kusambaza mwanga, kisha mfuniko wenyewe. Basi. Kalamu ikisahauliwa juu ya kibodi na mfuniko ukashushwa kwa kishindo, kioo hakina pa kukimbilia. Vivyo hivyo flashi ndogo, ncha ya hedifoni, hata punje ya mchele mkavu ukila huku unaandika. Mwaka 2020 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wateja wake wasifunge laptopu zao zikiwa na kile kibandiko cha kuziba kamera, kwa sababu nafasi iliyobaki kati ya kioo na kibodi ni ndogo mno. Mtu akilazimika kuweka kitu, kisizidi unene wa karatasi ya kawaida ya printa, yaani milimita 0.1. Watu wanaogopa kuchunguliwa na kamera, wanaishia kuvunja kioo. Sisemi wasiogope.

Ufa wa aina hii hauna siri. Tazama kioo kilichopasuka kwa kubanwa, taratibu, taa ikiwa imezimwa na mwanga ukipita kwa ubavu: nyufa zote zinatoka sehemu moja, kajicho kadogo, na kajicho hako kanaonyesha kitu kilikaa wapi. Kakiwa juu ya kitufe fulani, kalamu ilikuwa pale. Ufa uliozaliwa na bawaba unaanzia ukingoni, chini, upande wa bawaba mbovu, na fundi akifungua ganda utaona vijiti vya plastiki: vilivyovunjika zamani vina vumbi kwenye jeraha, vya leo ni vyeupe na safi. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa wagombanao ni kwenda kwa fundi wakiwa wawili, pamoja, kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa bweni au kwa wazazi. Nusu ya kesi hizi zinakufa mezani kwa fundi, bisibisi ikiwa bado mkononi.

Nusu nyingine inataka tujue kuazima ni nini.

Wakristo wanaosoma Kutoka, sura ya 22, aya ya 14 na 15, watakumbuka sheria ya mnyama aliyeazimwa. Akiumia au akifa wakati mwenyewe hayupo, aliyeazima analipa. Mwenyewe akiwapo, halipi. Akiwa amekodiwa kwa ujira, hasara imeshaingia kwenye ujira ule. Sheria ya ng'ombe na punda, lakini sijaona iliyo karibu zaidi na maisha ya hosteli. Mwenye mali akiwapo anaona kinachofanyika, ana nafasi ya kusema "usiifungue hivyo". Asipokuwapo, macho yake ni ya yule aliyeazima.

Kwa Waislamu wa pwani yetu, ambao wengi wanafuata madhehebu ya Shafi, suala limepangwa kwa undani zaidi. Amana ni kitu ulichoachiwa ukitunze kwa manufaa ya mwenyewe, na kikiharibika bila uzembe wako hudaiwi. Kitu cha kuazima ni kingine. Hicho umekichukua kwa manufaa yako, kwa hiyo kiko katika dhamana yako, na kikiharibika unalipa hata kama hukukusudia wala hukuzembea. Isipokuwa pale uharibifu unapotokana na matumizi yale yale uliyoruhusiwa. Nguo ikichakaa kwa kuvaliwa, haulipwi uchakavu. Inasimuliwa kwamba Mtume Muhammad, mwaka wa 8 Hijria, kabla ya vita vya Hunayn, aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu. Safwan akauliza kama ananyang'anywa. Akajibiwa kuwa ni azima yenye dhamana. Baadhi ya deraya zikapotea, akaombwa akubali kulipwa, naye akakataa mwenyewe, moyo wake ukiwa umeshageuka. Mwenye nguvu ndiye aliyekuwa akiazima, na bado alitanguliza dhamana.

Weka hayo juu ya laptopu. Kufungua mfuniko ni matumizi yaliyoruhusiwa. Hakuna aliyeazimwa laptopu ili aitazame ikiwa imefungwa. Bawaba mgonjwa ikikata roho mikononi mwa mtu aliyeifungua kistaarabu, naona deni si lake, au si lake peke yake. Lakini ikianguka kutoka kitandani, ikikaliwa na mgeni, ikibanwa kwenye begi, hapo "sikukusudia" haifuti kitu. Hukuazima kwa ajili ya hayo. Mimi si mufti, na penye mgogoro mkubwa masheikh na wachungaji wapo. Nasema ninavyoona.

Sasa upande wa mwenye mali, ambao huwa tunausahau kwa sababu yeye ndiye analia. Ukimpa mtu kitu kibovu bila kumwambia ubovu wake, umemtega. Kumwambia kunachukua nusu dakika: "Bawaba ya kushoto imekaza, fungua kwa katikati, usiivute nyuma sana." Wengi hawasemi kwa sababu wanaona aibu laptopu yao kuonekana ya mkweche, au wanaogopa kuambiwa wanatoa masharti. Mficha maradhi, kilio kitamfichua, na kilio chenyewe hapa kinakuja kwa sauti ya plastiki. Kama ulijua pembe imeachana na ukanyamaza, usimdai mwenzio kioo kizima. Mdai nusu ukitaka, na hata hiyo nusu uidai kwa sauti ya chini.

Kwa aliyeazima nina mengi zaidi, kwa kuwa mzigo wake ni mzito zaidi.

Fungua kwa katikati ya ukingo wa juu, au kwa mikono miwili. Usiinue laptopu kwa kushika kioo. Ni sawa na kumwinua mtoto kwa sikio, ataondoka chini lakini umemdhuru. Kabla ya kufunga, pitisha kiganja juu ya kibodi. Unapoisafirisha, chaja iwe mfuko mwingine, maana kile kidude kigumu cha katikati ya waya kikikaa mgongoni mwa mfuniko, begi likabanwa, kinaacha alama nyeupe kwenye kioo zisizotoka. Anayepanda daladala ya Mbagala saa kumi na mbili asubuhi anajua kubanwa ni nini: begi liwe mbele, kifuani, upande wa kioo ukielekea mwilini mwako, si kwenye kiwiko cha jirani. Kwenye bodaboda usiliache likaning'inia. Kusafisha ni kitambaa laini chenye unyevu wa maji, na maji yaende kwenye kitambaa, yasipulizwe kwenye kioo, kwani yanateremka hadi chini ya fremu, mahali umeme ulipo.

Hayo ni ya mikono. La ulimi ni kusema mapema. Ukiisikia ile tak, mpigie mwenyewe usiku huo huo, usisubiri kumaliza kazi yako. Ukiona kioo kinapepesa unapousogeza mfuniko, na kinatulia ukiuacha, ujue waya wa kioo unaopita kwenye bawaba umeanza kuchoka, mpigie. Anayeambiwa mapema anakuwa mshauri wako. Anayeambiwa siku ya kurudisha anakuwa hakimu.

Halafu kuna ujanja mmoja ambao lazima niuseme, kwa kuwa wanaoufanya hudhani ni uungwana. Kijana anapasua kioo cha laptopu ya mjomba wake. Hasemi. Anakwenda kimya kimya kwa mafundi, Kariakoo au Luthuli, anaweka kioo kingine, anairudisha imefutwa vumbi na "ahsante sana mjomba". Kioo cha zamani kilikuwa cha nukta 1920 kwa 1080, kinachoonekana vizuri hata ukikaa pembeni. Alichowekewa ni cha 1366 kwa 768, cha bei chee, ambacho ukiinama kidogo rangi zinageuka. Kwa umbo vyote ni inchi 15.6, ila viunganishi havifanani kila mara, pini 30 au 40, na fundi asiyejali hubadilisha waya mzima ili kioo kile kile alichonacho dukani kikubali. Mjomba hajui jina la kitu hicho. Anachojua ni kwamba maandishi yamekuwa makubwa na macho yanamuuma. Miezi miwili baadaye fundi wake mwenyewe anafungua na kumwambia kioo hiki si cha mashine hii. Hapo kioo si kesi tena.

Mwanangu, ukitaka kulipa, lipa mchana. Mwambie mwenyewe, kisha mwende wote, fundi ageuze kioo kilichovunjika na kusoma namba iliyobandikwa mgongoni. Namba hiyo ndiyo inayotafutwa. Kioo chenye namba hiyo kikikosekana, mwenye mali ndiye anayeamua mbadala, wewe unatoa fedha tu. Na mabaki ya kioo cha zamani ni yake. Usimwachie fundi bila ruhusa.

Kuna wanaodhani dawa ya haya yote ni kununua laptopu ngumu. Sikatai kuwa zipo. Moja ya laptopu za kwanza kabisa kuwa na mfuniko unaolala juu ya kibodi, GRiD Compass ya 1982 iliyosanifiwa na Mwingereza Bill Moggridge, ilikuwa na ganda la magnesiamu, na NASA iliipeleka angani. Bei yake ilizidi dola 8,000, na kwa fedha hizo hata mimi ningetembea nayo kwa adabu. Nchini Japani, Panasonic huuza laptopu ziitwazo Let's note, zenye mfuniko ulioinuka mgongoni mithili ya boneti ya gari, kwa sababu wanunuzi wake hupanda treni zinazoshindiliwa watu asubuhi. Kampuni inazijaribu kwa mgandamizo wa kilo 100. Zile laptopu za watoto za XO, ambazo Rwanda iligawa zaidi ya 200,000 mashuleni, zilipewa ganda la plastiki ya milimita 2 wakati ya kawaida ilikuwa 1.3. Wasanifu wake hawakujidanganya kuwa watoto watajirekebisha.

Lakini kuna maandishi yanayowalevya wanunuzi: MIL-STD-810. Mwenye duka anayataja kwa kujiamini, mnunuzi anatikisa kichwa, na jioni anaonyesha wenzake kwa kuipigapiga kwa kiganja. Hicho ni kiwango cha jeshi la Marekani, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1962, kinachoeleza namna ya kujaribu vifaa kwa joto, vumbi, mtikisiko na kuanguka. Hakuna askari anayesimama kiwandani kukagua laptopu yako. Kampuni huchagua yenyewe majaribio ya kufanya, inayafanya au kulipia yafanywe, kisha inaandika jina la kiwango kwenye tangazo. Laptopu iliyofuzu jaribio la kuanguka kutoka kimo fulani imefuzu kuanguka hivyo, haikufuzu kukaliwa kwenye sofa na shemeji. Uimara umewekwa kwa ajili ya bahati mbaya. Kuutumia kama ruhusa ya kutojali ni kuula mtaji. Nimeona pia kuwa wenye laptopu ngumu ndio wakali zaidi inapovunjika mikononi mwa wengine, kwa sababu wameamini haivunjiki, hivyo atakayeivunja lazima awe shetani.

Wauza mitumba nao wana fungu lao, fupi. Laptopu nyingi tunazonunua zimeshafanya kazi ofisini Ulaya au Dubai kabla ya kufika kwetu, na hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kubana bawaba iliyong'oka kwa supa gluu, kuipanga dukani ikiwa imeshafunguliwa ili mteja asiushike mfuniko, na kumwambia "hii ni kama mpya". Bidhaa yenye kasoro inauzwa na kasoro yake, kwa bei yake. Mteja naye asikubali kununua laptopu ambayo hakuifunga na kuifungua mwenyewe, polepole, sikio likiwa karibu, kisha akawasha picha nyeupe tupu na nyeusi tupu kutafuta madoa.

Za ofisini sisemi sana. Aliyepewa laptopu ya halmashauri akaitupa kiti cha nyuma cha gari kwa kuwa "ni ya serikali" anajua anachofanya, na atakayemrithi meza ataikuta na kiraka cha gundi kwenye pembe, bila maelezo yoyote kwenye fomu ya makabidhiano. Andika kwenye fomu. Mstari mmoja unatosha: bawaba ya kulia imelegea, tarehe fulani.

Limebaki swali ninaloulizwa zaidi na wanafunzi: je, kukataa kuazimisha ni uchoyo? Si uchoyo. Laptopu yenye tasnifu yako ndani si sufuria ya jirani. Ila usidanganye kuwa betri imekufa, kwa sababu atakuona nayo maktaba kesho. Sema wazi: "Siwezi kuitoa nje, lakini njoo uitumie hapa." Akija na flashi yake baada ya Isha, mpe kiti, na wewe kaa pembeni na vitabu vyako. Kwa hesabu ya Kutoka, mwenye mali yupo, hivyo likitokea la kutokea halitamdai mtu. Mfungulie mwenyewe, mfungie mwenyewe akimaliza. Na chai ukimkaribisha, iwe meza nyingine.